Ungoje Mpira Unakokuja

"Kuka, mbona mpira hauonekani?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo jioni moja hapa Matulo, kando ya uwanja wa shule. Alikuwa ameazima simu ya mama yake akapiga picha arobaini kipindi cha kwanza cha mechi. Tukazitazama moja moja. Migongo. Vumbi. Mguu uliokwisha kupiga. Mpira haukuwamo hata katika moja.

Sogeeni karibu, wajukuu. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaambia nyinyi.

Yeye alikuwa akiufukuza mpira. Ukienda kushoto, simu kushoto. Ukirudi kulia, simu kulia. Lakini mpira una mbio kuliko kidole. Mpaka uuone, uamue, ubonyeze, wenyewe umeshaondoka. Basi usiufukuze, ungoje unakokuja. Mvuvi wa mto Nzoia hakimbizani na samaki. Hukaa penye mkondo samaki anapopita.

Na mpira hupita wapi? Unatafuta lango. Kaa nyuma ya mstari wa goli, karibu na pembe ya uwanja, mahali usipomzuia mchezaji. Hapo washambuliaji wanakujia uso kwa uso. Kisha usome mchezo: nani hutumia mguu wa kushoto? Kona zinamwangukia nani? Anayeujua mchezo hubonyeza mapema kidogo, na hapo ndipo picha ilipo.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Mna shata, inayofumbua na kufumba kama kope za jicho. Mpira unaokwenda kilomita 72 kwa saa husafiri mita 20 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mpira husogea sentimita 33, na pichani huonekana kama moshi. Ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 1,000, mpira husogea sentimita 2 tu.

Ila shata ya haraka huhitaji mwanga mwingi. Hata hivyo, usikimbilie jua kali. Saa sita mchana jua letu la ikweta huwa utosini, na macho ya wachezaji huzama kivulini. Ngoja saa kumi, jua likishainama, ulipe mgongo ili liwaangaze wao. Halafu piga goti. Ukipiga picha umesimama, mchezaji huonekana mfupi na nyuma yake ni nyasi tupu; ukipiga goti, anarefuka hadi mbinguni.

Msidhani kwamba haya yanataka kamera ya bei kali. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera kuukuu ya Box Brownie, kisanduku chepesi kabisa. Akiwa bado kijana alipiga picha za mbio za magari za Safari Rally. Nani awezaye kulifukuza gari la mashindano kwa miguu? Lazima uchague kona, utulie, ulingoje. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu kutoa msaada.

Kipindi cha pili mjukuu wangu alihamia nyuma ya lango, akapiga goti. Alirudi na picha tisa tu. Katika moja, kipa yumo hewani, vidole vimeugusa mpira, mdomo wazi. Alimtafuta yule kipa akamwonyesha, na kipa akaikodolea macho kama mtu anayejiona kwa mara ya kwanza.

Basi Jumamosi hii ombeni ruhusa kwa mwalimu wa michezo, mchague pembe moja ya uwanja, mpige goti, mngoje. Na mkiipata picha, mpelekeeni aliyemo ndani yake. Ni yake pia.