Mkanda Mpya wa Pikipiki ya Theluji

Katika milima ya Rocky, kuanzia Colorado hadi British Columbia, mkanda wa mpira unaozunguka chini ya pikipiki ya theluji ndio unaoamua kama dereva atapanda mteremko au atazama hadi kiunoni. Unapochakaa, wengi huuliza kwanza kuhusu kashata, yale mabonge ya mpira yanayochimba theluji: ndefu kuliko zote ni zipi? Nawasihi waanze kwingine.

Mkanda huuzwa kwa upana, urefu na kimo cha kashata, vyote kwa inchi. 15 × 154 × 2.6 ni kipimo cha mlimani. Kinachowaponza watu ni kipimo cha nne, hatua, yaani umbali kati ya fimbo moja ya faiba iliyomo ndani ya mpira na inayofuata. Kuna hatua za 2.52, 2.86, 3.0 na 3.5. Magurudumu ya meno yanayousukuma mkanda hutengenezwa kwa hatua moja tu, hivyo mkanda wa 2.86 ukifungwa kwenye magurudumu ya 3.0 utaruka meno na kuliwa upesi. Pima kutoka katikati ya fimbo ya kwanza hadi katikati ya fimbo ya 11, kisha gawanya kwa 10. Hapo ndipo utakapoona pia kwa nini urefu una namba za ajabu: hatua 54 za 2.86 ni inchi 154.4.

Sasa kashata. Za inchi 3 hufanya kazi nzuri mno kwenye theluji ya unga, lakini zinataka nafasi chini ya bodi, penye rejeta, na zinataka injini yenye nguvu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300. Kwenye mita 3,000 imeshapoteza zaidi ya robo. Kwa mashine ya sisi 600 mimi ningebaki kwenye inchi 2.5. Tena, ikiwa kuufikia mlima kunakulazimu kupita njia ndefu ya theluji iliyoshindiliwa, kashata ndefu na laini zitajikunja, zitapata joto na kung'oka kwenye shina.

Urefu nao una gharama. Mkanda wa 165 huelea vizuri kuliko wa 154, ila utahitaji reli, yaani vyuma ambavyo mkanda huteleza juu yake, zilizo ndefu zaidi, na kukata kona katikati ya miti kutakuwa kugumu.

Wakati wa kufunga, angalia mshale wa mwelekeo wa mzunguko. Mpira mpya hutanuka, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza kaza tena boliti za ekseli ya nyuma, upande kwa upande, hadi mkanda ukae katikati ya reli.