"Lau" ya Chuoni na "If" ya Skuli

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa hapa Mbwajumali, mvuvi aliyeyapitisha maisha yake baina ya kusi na kaskazi, alinijia na daftari la mwanawe aliye kidato cha nne. Kiingereza hakijui, lakini wino mwekundu aliufahamu. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu mtoto nimtoe chuoni mpaka mtihani upite? Naona masomo mawili yamemlemea."

Nikalifungua daftari. Makosa karibu yote yalikuwa ya namna moja, nayo ni sentensi za masharti. Kijana ameandika "If I would have known, I would have come." Mbele kidogo: "If it will rain, we will not go." Si makosa madogo kwa mtahiniwa. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, yenye alama 80, sarufi hubeba alama 15, na watungaji wa mtihani huzipenda sana sentensi hizi.

Wala kijana hakuwa mjinga. Alikuwa akisema Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza. Sisi husema "ningalijua, ningalikuja", na ile -ngali- huikariri pande zote mbili, kwenye sharti na kwenye jawabu. Naye akaona ni haki "would" nayo ikae pande zote mbili. Kiingereza hakikubali. "Would" mahali pake ni kwenye jawabu tu, na upande wa sharti hubaki kitendo cha wakati uliopita: "If I had known, I would have come."

Hapo ndipo nilipomwambia mzee kwamba dawa ya mwanawe iko huko huko chuoni anakotaka kumtoa.

Mwanafunzi aliyeanza nahau ya Kiarabu amekwisha kukutana na "lau". Amefundishwa kuwa "lau" huingia juu ya jambo lisilokuwa, na kitendo kinachoifuata huwa katika umbo la maadhi. Amefundishwa pia kuwa jawabu lake kwa kawaida huvishwa lamu. "Lau jaa Zaidun la-akramtuhu": lau angalikuja Zaidi, ningalimkirimu. (Maskini Zaidi, karne ngapi anatajwa vitabuni na hajapata kufika!) Itazame ile lamu. Imekaa kwenye jawabu peke yake, upande wa sharti haupo. Basi "would" ichukue kuwa ndiyo lamu ya Kiingereza. Nilipomwita kijana na kumwonyesha hili, alinyamaza kitambo, kisha akaichukua kalamu na kuyafuta mwenyewe makosa matatu.

Ama lile kosa la mvua, dawa yake imo katika neno tunalolitamka kutwa kucha. "Inshallah" ni sharti kamili: "in" ni ikiwa, na "shaa" ni kitendo chenye umbo la maadhi, ingawa maana yake yatazama mbele. Alama ya wakati ujao haimo. Na Kiingereza hivyo hivyo hakiiweki katika sharti. Husema "If it rains", kwa wakati uliopo, ijapokuwa mvua ni ya kesho. Kiswahili cha wazee wetu nacho chasema "mvua ikinyesha", "maji yakipwa, mashua hupwelewa", wala hapana -ta- ndani yake. Siku hizi vijana wamezoea "kama mvua itanyesha", na ile -ta- ndiyo iliyojipenyeza daftarini ikageuka "will".

Hata hivyo Kiarabu hakitoshi. "Lau" huchukua umbo moja la maadhi, liwe jambo la sasa au la jana, na Kiingereza hupambanua. Hapa Kiswahili ndicho kiongozi. "Ningekuwa na mashua, ningevua" ni habari ya leo, na Kiingereza hurudi nyuma hatua moja: "If I had a boat, I would fish." "Ningalikuwa na mashua, ningalivua" ni habari iliyokwisha pita, nacho hurudi hatua mbili: "If I had had a boat, I would have fished." Mwenye kuchanganya -nge- na -ngali- katika mazungumzo, kama tufanyavyo wengi wetu, hulipa mara mbili: hukosa Kiswahili chake, kisha hukosa na Kiingereza.

Mzee aliyasikiliza yote haya akitikisa kichwa, kisha akaleta swali ambalo sikulitarajia. Je, si tumekatazwa kusema "lau"? Nikamjibu kuwa iliyoonywa katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim ni lau ya kujutia msiba uliokwisha kupita, ile imfunguliayo shetani mlango. Kuifahamu lau inavyofanya kazi katika sentensi ni elimu. Akaridhika.

Kijana amebakiwa na tatizo moja, nalo ni zile sentensi ambazo mtihani humtaka aiondoe "if" na kuanza kwa "Had". "If he had come" hugeuka "Had he come", kitendo kikatangulia mbele ya mtendaji. Kwa hilo sina mfano wa chuoni wala wa nyumbani. Nimempa sentensi ishirini aziandike kwa mkono.

"Basi maji yakijaa alfajiri, mimi nitatoka," alisema mzee huku akilikunja daftari, "na yeye ataenda chuoni." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Inshallah," na mwanawe akacheka.