Nidhamu na Haki ya Kusoma: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Shule za Marekani

Suala la nidhamu shuleni huzua utata mkubwa linapomhusu mwanafunzi ambaye huenda utovu wake umesababishwa na ulemavu alio nao. Je, afukuzwe kama watukutu wengine? Na akifukuzwa, nani atamfundisha?

Nchini Marekani, maswali haya yalianza kujibiwa kisheria mnamo mwaka wa 1975. Wakati huo, kwa mujibu wa Bunge la nchi hiyo, watoto milioni 1 wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma. Sheria ya mwaka huo iliwapa haki ya elimu isiyolipiwa na inayowafaa, kila mmoja akiandaliwa mpango wake binafsi wa masomo. Iliagiza pia kwamba mzozo ukizuka baina ya wazazi na shule, mtoto asiondolewe mahali anaposomea hadi mzozo utatuliwe.

Agizo hili lilijaribiwa katika kesi ya Honig dhidi ya Doe, iliyotoka San Francisco na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 1988. Kijana mmoja mwenye matatizo ya hisia alichokozwa na mwenzake, akamkaba koo, kisha akavunja dirisha kwa teke alipokuwa akipelekwa kwa mwalimu mkuu. Shule ilimsimamisha, ikataka kumfukuza. Ajabu ni kwamba mpango wake wa masomo ulikuwa umetaja waziwazi haja ya kumfunza kuvumilia maudhi bila kutumia nguvu. Kwa maneno mengine, aliadhibiwa kwa kukosa kile ambacho shule ilipaswa kumfundisha. Mahakama iliamua kwamba shule haina mamlaka ya kumtoa mwanafunzi wa aina hiyo kwa uamuzi wake pekee. Ingeweza kumsimamisha kwa siku zisizozidi 10, na ikiona hatari ni kubwa iende mahakamani.

Marekebisho ya 1997 na 2004 yalifafanua utaratibu. Shule ikikusudia kumwondoa mwanafunzi kwa zaidi ya siku 10 za masomo mfululizo, sharti wazazi na walimu wakutane katika muda wa siku 10 tangu uamuzi huo. Wanajiuliza: je, kosa limetokana na ulemavu wake, au na shule yenyewe kutotekeleza mpango wake? Jibu likiwa ndiyo, mtoto kwa kawaida hurejeshwa darasani, chanzo cha tabia yake kikachunguzwa na mbinu za kumsaidia zikaandaliwa. Likiwa la, ataadhibiwa sawa na wenzake, ila masomo hayakatizwi: atafundishwa kwingineko, hata nyumbani.

Kikao hicho kina udhaifu wake. Wanaoulizwa kama shule ilizembea aghalabu ni walimu wa shule iyo hiyo, na ni nadra mtu kujitia hatiani kwa hiari. Mzazi anaweza kukata rufaa, lakini rufaa inaposikilizwa mtoto huwa keshahamishwa.

Wapo wanaodai kwamba sheria hii huwalea wahalifu. Dai hilo halizingatii kwamba anayebeba silaha, dawa za kulevya au kumjeruhi mtu vibaya huweza kuhamishwa kwa siku 45 za masomo, hata kama ulemavu ndio chanzo. Huko nako hufuatwa na mwalimu wake na vitabu vyake.