Msimbo wa Hojaji kama Uamuzi wa Kitafiti: Tafakuri ya Mwanafunzi kuhusu Runzewe

Makala haya yanafafanua hoja iliyojitokeza wakati mwandishi alipokuwa akijifunza kuandika kurasa za tovuti sambamba na mbinu za utafiti wa jamii: kwamba msimbo wa hojaji ya mtandaoni huamua, kabla mhojiwa hajafungua kinywa, nani atahesabiwa na kwa sifa ipi.

Lugha ya HTML, ambayo toleo lake la 2.0 la mwaka 1995 lilijumuisha fomu, hutoa njia mbili za kuuliza swali lenye majibu teule. Ya kwanza hukubali jibu moja tu. Chaguo jipya hufuta la awali. Ya pili ni ya visanduku, ambavyo mhojiwa huweza kutia alama zaidi ya kimoja. Ndani ya msimbo, tofauti hiyo ni ya neno moja.

Tuchukue swali la kazi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, mtu yuleyule aweza kulima msimu wa mvua na kushuka duarani kiangazi. Mwanamke anayeosha mchanga wa dhahabu mwaloni naye huenda ana shamba la mahindi. Akitakiwa kuchagua kazi moja, akajitaja mkulima, uchimbaji wake hutoweka, na pamoja nao swali la zebaki anayoishika kwa mikono mitupu. Mtafiti wa afya atakayelisoma jedwali hilo baadaye atakuta wakulima watupu. Hakuna hesabu ya kitakwimu, hata iwe ya ustadi kiasi gani, itakayorudisha kilichokataliwa na fomu.

Menyu ya mahali nayo ina utata wake. Runzewe imo Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012; Mbogwe nayo ilimegwa kutoka Bukombe. Hivyo, Bukombe ya sensa ya 2002 na ile ya sensa ya 2022 ni maeneo mawili yenye jina moja. Ni heri fomu ihifadhi jina la kijiji.

Yaweza kudhaniwa kwamba visanduku humaliza tatizo. La hasha. Uchimbaji mdogo huhitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na anayekiri kuchimba pasipo leseni amejiweka hatarini. Kumfanya aonekane kwa mtafiti ni kumfanya aonekane pia kwa yeyote atakayeifikia hifadhidata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji akusanye tu kinachohitajika kwa lengo lake. Kwa maoni ya mwandishi, sharti hilo litekelezwe katika msimbo wenyewe, si katika karatasi ya ridhaa pekee. Katika hojaji ya namna hii, sehemu za jina na namba ya simu haziandikwi kabisa, na kijiji huhifadhiwa katika jedwali tofauti na lile la kazi.