Maji Yaliyofichwa Ndani ya Upepo

Katika gereji za Ruiru na Thika, kompresa hunguruma mchana kutwa zikitia upepo katika magurudumu ya magari. Jioni, fundi mwangalifu hufungua koki iliyo chini ya tangi, na hapo hutoka maji mekundu yenye kutu na mafuta. Hakuna mtu aliyeyatia. Je, yametoka wapi?

Yametoka katika hewa yenyewe. Hewa yote huchukua mvuke wa maji usioonekana kwa macho. Kompresa inaposhindilia hewa ya mapipa saba mahali pa pipa moja, mvuke wa mapipa yote saba hukusanyika pamoja. Hewa hiyo hupata moto kwanza. Lakini ikipoa haiwezi kuuchukua mvuke wote, nao hugeuka matone, kama umande juu ya majani ya kahawa alfajiri. Mafuta nayo hupenya kutoka katika mtambo.

Jambo hili limewasumbua hata wataalamu wa ndege. Mwaka 1935, katika mkutano uliofanywa Roma, Ludwig Prandtl wa Ujerumani alionyesha picha ya hewa iendayo kasi kuliko sauti, na ndani yake mistari iliyopishana. Baadaye ilifahamika kwamba sababu yake ni mvuke ugeukao matone kwa ghafula. Kwa maana hewa ikipanuka na kwenda mbio, hupoa mno. Ikianza na joto la digrii 15 za Selsiasi, ikafikia mara mbili ya mwendo wa sauti, hushuka hadi digrii 113 chini ya sifuri. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto, na vipimo huharibika. Kwa hiyo hewa hukaushwa na kusafishwa kabla ya kutumiwa.

Kwa mpaka rangi, hasara ni rangi yenye vipele. Kwa mwenye tangi, hatari ni kubwa zaidi. Maji hula chuma kwa ndani, mahali pasipoonekana, na tangi lililodhoofika laweza kupasuka na kuua watu.

Basi yafaa kumwaga maji kila jioni, upepo ukiwa umepunguzwa. Vali ya usalama isifungwe kwa waya kamwe. Tena tangi lichunguzwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, kama iagizavyo sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007. Rangi nzuri ya nje si ushahidi wa uzima wa ndani.