Magamba ya Kakakuona na Vazi la Askari

Katika misitu ya Maniema yuko mnyama asiye na meno hata moja. Hana pembe, hana mbio, wala hajui kuuma. Jina lake ni kakakuona. Chakula chake ni mchwa na sisimizi, naye huwalamba kwa ulimi wake mrefu. Chui akimrukia, hakimbii. Hujikunja tu, akaficha kichwa na tumbo, akawa kama mpira. Chui humgeuza huku na huku, hujaribu kumtafuna, meno yanateleza. Mwisho huchoka, akaenda zake.

Kinachomwokoa ni magamba yake. Yamefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kucha za binadamu. Gamba moja peke yake si kitu kikubwa. Jambo la ajabu ni namna yalivyopangwa: la juu limefunika mwanzo wa lile lililo chini yake, kama nyasi za paa la nyumba. Kwa hiyo hakuna pengo la kupitisha jino, na hata hivyo mwili unaweza kukunjika. Kama mnyama huyu angefunikwa na ubao mmoja mgumu tangu shingo hadi mkia, angekingwa, lakini asingeweza hata kuinama kula.

Walega, walio upande wa Pangi na Shabunda, walimheshimu sana kakakuona tangu zamani. Katika chama chao cha Bwami hakuna aliyeruhusiwa kumuua ovyo, na magamba yake yalishonwa juu ya kofia za watu wa cheo. Siku hizi wako watu wanaomwinda kwa magendo ili kuyauza magamba nchi za mbali, na wanyama hawa wanazidi kupungua. Mwaka 2016 mataifa mengi yalikubaliana kukataza kabisa biashara hiyo. Basi afadhali watu wayaige magamba yake na kumwacha yeye msituni.

Na mpango kama huo watu wameutumia kweli. Askari wa Roma, miaka karibu elfu mbili iliyopita, walivaa deraya, yaani vazi la vita, lililofanywa kwa mikanda mipana ya chuma. Mikanda hiyo ilizunguka kifua na tumbo, kila mmoja ukifunika kidogo ule wa chini yake, na kwa ndani yote ilishikwa na kamba za ngozi. Mwaka 1964, mahali paitwapo Corbridge katika Uingereza, wachimbaji walipata ardhini sanduku lenye vipande vya deraya za namna hiyo. Hapo ndipo wataalamu walipoelewa vizuri namna vilivyounganishwa. Vazi zima lilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi.

Si kila deraya ilikuwa ya chuma. Wapanda farasi wa Bornu, karibu na ziwa Chad, walivaa nguo nene zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka na kujazwa pamba au sufi, na hata farasi zao zilivikwa hivyo. Mtu aliyewahi kulalia mto wa sufi atashangaa kusikia kwamba kitu laini hivi kilitumika vitani. Lakini mkuki ukichoma tabaka nyingi za kitu laini hupoteza nguvu zake kidogo kidogo.

Sasa tuje Kibombo, kwenye njia ya reli itokayo Kindu kwenda Kongolo. Mwisho wa mwaka wa masomo unakaribia, na watoto wa darasa la sita wanataka kuonyesha mchezo mbele ya wazazi. Katika mchezo yumo askari wa Kirumi. Atavaa nini? Chuma ni kizito na ni ghali. Katoni hukatika kwa jasho, na mvua moja tu huigeuza uji. Ndipo wanapofikiri juu ya kandambili.

Wayo wa kandambili ni mpira wa povu. Ndani yake mna vijishimo vidogo sana vilivyojaa hewa, na kila kimoja kimefungwa peke yake. Kwa hiyo hauingizi maji, hukatika kwa kisu, hupindika bila kuvunjika, na ni mwepesi mno. Bati la chuma lenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja, unene wa milimita 1 tu, lina uzito wa karibu kilo 8. Mpira wa povu wa ukubwa huo, wenye unene wa sentimita nzima, huwa na kilo 1 hivi, au hata chini yake. Mpira huo huuzwa pia kama mikeka ya kutandika chini, na mikeka hiyo hufaa zaidi kwa kifua na mgongo. Kandambili kuukuu hutosha kwa mabega na kwa magamba madogo. Huko Kenya, watu wa Ocean Sole hukusanya kandambili zinazotupwa na bahari ufuoni, huzibandika pamoja, kisha huchonga twiga na ndovu wa rangi nyingi.

Godoro la sponji ni kitu kingine, na lisichanganywe na mpira huu. Vijishimo vyake viko wazi, kwa hiyo hunywa rangi yote usiione tena. Tena likishika moto huungua upesi kuliko mtu anavyodhani, na moshi wake una sumu inayoweza kuua ndani ya chumba. Mtoto aliyevaa sponji ya godoro asisogee karibu na taa ya mafuta, wala mshumaa, wala mbabula. Mpira wa kandambili nao huungua, lakini kwa sponji hatari ni kubwa zaidi.

Kazi haianzi kwa kisu. Huanza kwa nguo mbovu na kalamu. Mtoto atakayecheza huvikwa fulana kuukuu iliyombana, na mwenzake huchora mistari juu yake: hapa mwisho wa bega, hapa kiuno, hapa kwapa. Kisha fulana inavuliwa, inakatwa kwa kufuata mistari, na vipande vinalazwa chini. Hivyo ndivyo vielelezo. Hunakiliwa juu ya katoni, na vya katoni huvalishwa kwanza kwa uzi. Mtoto anaambiwa: inua mikono, keti, inama, okota jiwe. Kielelezo kinachomzuia kuketi leo kitamzuia kuketi siku ya mchezo, na katoni iliyoharibika haina hasara kama mpira.

Hapa ndipo karibu kila anayeanza hukosea. Anapima kifua cha mwenzake, anapata sentimita 66, anakata mkanda wa sentimita 66, anauzungusha, na ncha hazikutani. Anadhani amepima vibaya. Anapima tena: 66. Mbona haufiki?

Jibu limo katika hesabu ya duara. Mkanda wenye unene unapopindwa, upande wa nje hunyooka na upande wa ndani hubanana. Urefu usiobadilika ni ule wa katikati ya unene. Mkanda ukiwa na unene wa sentimita 1, katikati yake iko nusu sentimita mbali na kifua. Duara likiongezwa nusu sentimita kila upande, mzunguko wake huongezeka kwa 2 mara 3.14 mara nusu, yaani sentimita 3.14. Basi kwa kifua cha 66 mkanda hauna budi kuwa na 69 na zaidi kidogo. Huo ni wa kugusa mwili tu. Bado shati lililo ndani, na bado pumzi, maana kifua hupanda na kushuka. Sentimita 4 au 5 nyingine zinahitajika. Deraya ya kifua cha 66 inakatwa kwa 74, na hapo ndipo mtoto anaweza kusema maneno yake jukwaani kwa sauti kubwa. Aliyebanwa husema kwa sauti ya panya.

Njia iliyo bora zaidi ni kutofunga duara lote. Kifua huwa kipande kimoja, mgongo kipande cha pili, na ubavuni huachwa nafasi inayofungwa kwa kamba. Basi kosa la sentimita mbili halionekani.

Kisu kiwe kikali sana. Mpira wa povu hukifanya butu upesi, na kisu butu huacha ukingo uliochanikachanika kama uliotafunwa na mbuzi. Kinolewe kila baada ya mikato michache, na kishikwe wima. Mtoto mdogo aachie wakubwa kazi hii, au mwalimu mwenyewe. Kidole hakioti tena.

Baada ya kukata ni kupinda. Mpira huu hulainika kwa joto na kushika umbo jipya ukipoa. Mafundi wa mjini wana mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kibombo maji ya moto yanatosha. Mtu mzima huteremsha sufuria motoni, hutumbukiza kipande kwa koleo, huhesabu polepole, hukitoa na kukikandamiza juu ya gogo la mviringo au chungu kikubwa, kikafungwa kwa kitambaa hadi kipoe. Bega hupata umbo lake juu ya kibuyu. Kisiwekwe kabisa juu ya makaa: mpira huyeyuka, hunata mkononi kama lami, na moshi wake ni mbaya.

Kubandika kuna siri yake. Gundi ya fundi viatu, au solusheni ile ya kuziba mipira ya baiskeli, hupakwa pande zote mbili, nyembamba. Halafu mtoto anatakiwa kufanya jambo gumu kuliko yote, nalo ni kungoja. Anangoja dakika tano, kumi, mpaka gundi isishike kidole inapoguswa. Ndipo pande mbili zinakutanishwa, na zikikutana haziachani tena. Asiyengoja hubandika ikiwa mbichi, na deraya yake huachana bega siku ile ile ya mchezo. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, hewa ni kavu na gundi hukauka vizuri. Wakati wa mvua huchelewa.

Harufu ya gundi hiyo si ya kuchezea. Kazi ifanywe nje, upepo ukitoka nyuma ya mfanyaji, mbali na moto wowote, na chupa ifungwe kila baada ya kupaka. Katika miji mikubwa wako watoto wa barabarani wanaoinusa makusudi ili wasahau njaa. Huumiza ubongo, mapafu na moyo, na wengine hawakuamka.

Kifua kikiwa tayari, mikanda myembamba ya mpira hubandikwa kwa ukingo wake wa juu tu, kuanzia kiunoni kupanda. Kila mkanda unafunika ukingo wa ule uliotangulia. Anayeanzia juu atajikuta anainua mkanda wa kwanza ili kubandika wa pili, na gundi itapakaa kila mahali. Wanaoezeka nyumba wanajua hili tangu zamani.

Mpira ukipakwa rangi moja kwa moja huinywa, na ukipindika rangi hukatika. Kwa hiyo kwanza hupakwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mara tatu au nne, kila safari ikiachwa ikauke. Kisha rangi nyeusi. Mwisho, kwa wasio na rangi ya fedha, risasi ya kalamu husagwa unga, na unga huo husuguliwa kwa kidole juu ya rangi nyeusi iliyokauka. Kwa mbali huwezi kuutofautisha na chuma. Kamba za kufungia hukatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, nao haukosekani Kibombo.

Kutumia vitu vilivyotupwa si aibu. Katika Kinshasa, tangu mwaka 2015, msanii Eddy Ekete na wenzake wana sikukuu iitwayo KinAct. Hutoka barabarani wamevaa mavazi waliyoyatengeneza kwa takataka za mji: makopo, nyaya, mipira ya magari. Ekete mwenyewe amejulikana kwa vazi la makopo linalolia anapotembea. Watu husimama kutazama, na wanachotazama ni zile takataka walizozitupa wenyewe.

Mambo mawili yanabaki kwa askari wa Kibombo. La kwanza ni joto. Jasho hupoza mwili linapokauka, lakini chini ya mpira huu haliwezi kukauka. Katika jua la Maniema mtoto aliyeivaa huanza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Anywe maji kabla ya kuvaa, avae zamu yake inapokaribia, avue akitoka jukwaani. Makwapa na shingo viachwe wazi.

La pili ni wepesi wenyewe. Deraya ya kilo 1 humfanya askari arukeruke kama panzi, na watazamaji wanacheka. Mwalimu na amkumbushe bidoni ya lita 20 anayoibeba kutoka mtoni kila asubuhi: miguu inavyokanyaga, mabega yanavyotulia, asivyogeuka upesi. Akitembea hivyo, chuma kinaonekana.

Baada ya mchezo vazi hufutwa kwa kitambaa chenye maji, hukaushwa kivulini, na kutundikwa. Lisiwekwe juu darini chini ya mabati, kwa maana joto la mchana litalipinda upya lipendavyo. Mwaka unaofuata mtoto mwingine atalivaa, mwenye kifua cha sentimita 70 labda, na kamba za ubavuni zitalegezwa tundu mbili.