"Ameanguka" Si Uchunguzi

Nchini Tanzania ni wazee wachache wanaolelewa katika makazi ya serikali kama Nunge, Kigamboni. Walio wengi, toka Tandale hadi Mbagala, hutunzwa nyumbani na watoto, wajukuu au dada wa kazi. Kokote waliko, wakikutwa na damu iliyovilia chini ya ngozi, jibu huwa tayari: ameanguka, ni uzee. Mara nyingi ni kweli, kwani ngozi ya mzee ni nyembamba, mishipa yake hupasuka upesi, na dawa za kuzuia damu kuganda huzidisha alama. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa namna fulani. Tukiridhika na jibu hilo bila kupima, tunawaacha baadhi yao mikononi mwa wanaowaumiza, ilhali mwili wenyewe una ushahidi unaosomeka.

Mwaka 2005, Laura Mosqueda na wenzake huko California walichapisha utafiti wa alama za wazee zilizotokea kwa ajali. Karibu 90% zilikuwa mikononi na miguuni. Shingoni, masikioni na makalioni haikuonekana hata moja. Mwaka 2009 kikundi hicho kikaeleza hali ya wazee 67 waliothibitika kupigwa: zaidi ya nusu ya waliokuwa na alama walikuwa na angalau moja ya sentimita 5 au zaidi, na alama hizo zilijitokeza zaidi usoni, mgongoni na upande wa nje wa mkono wa kulia. Katika utafiti wa 2005, rangi ndiyo iliyodanganya, kwani alama nyingine zilikuwa za njano ndani ya saa 24 za kwanza. Anayesema "hii ni ya zamani" kwa kutazama rangi tu anabahatisha.

Mtu atauliza kama matokeo ya California yanatufaa sisi wenye ngozi nyeusi. Mahali na ukubwa wa alama havitegemei rangi ya ngozi; kinachobadilika ni urahisi wa kuiona. Ndiyo maana inafaa mhudumu wa afya apapase kutafuta uvimbe na maumivu, tena mahali penye mwanga wa kutosha. Utafiti wa Katherine Scafide wa 2020, uliohusisha watu wa rangi mbalimbali za ngozi, ulionyesha kwamba mwanga wa zambarau ukitazamwa kwa miwani ya njano hufichua alama zaidi kuliko mwanga wa kawaida.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuhoji hivi ni kuwavunjia heshima wanaolea kwa moyo. Hata hivyo, mlezi asiye na hatia hulindwa na rekodi iliyoandikwa vizuri, si na ukimya. Wala tusimpuuze mzee kwa kuwa anasahau: katika utafiti wa 2009, takriban 90% ya waliopigwa na kuwa na alama walijua zilivyotokea, wakiwemo wenye matatizo ya kumbukumbu. Fomu ya polisi ya PF3 huja pale jambo limeshafika polisi, hivyo imechelewa. Kazi ianzie zahanati na kwa afisa ustawi wa jamii: alama ichorwe kwenye mchoro wa mwili, ipimwe kwa rula, dawa anazotumia ziandikwe, na mzee aulizwe akiwa peke yake. Hatua hizi hazihitaji mashine, na bila hizo hakuna mwenye haki ya kusema kwa uhakika kwamba mzee ameanguka.